Damu ya Mjomba Salumu

Siku yangu ya kwanza ya kufagia hospitalini, enzi za Mwingereza, Dresa Yohana Chidawali alinikabidhi ndoo na kitambaa, akasema, "Perusi, macho yako yawe sakafuni." Dresa ndiye aliyefunga vidonda na kuchoma sindano. Mimi nilitoka Ipagala kwa miguu, darasa la pili sikulimaliza, nikamtii. Lakini macho gani yakae sakafuni siku nzima?

Zaituni, binti wa Bi Hadija wa Kondoa, damu yake ilikuwa ikimwishia mwilini. Kila baada ya wiki chache aliletwa kuongezewa. Anayeongezewa mara moja ana hatari mara moja; huyu alirudi na kurudi, na kila chupa ilikuja na mtu wake na maradhi yake. Malaria hupita kwenye damu, kaswende nayo hupita. Pale hospitalini walipima kama damu zinapatana, basi. Mengine Bwana Mganga, Mzungu, alimuuliza mtoa damu kwa mdomo: "Wewe iko mgonjwa?"

Nani atajibu ndiyo mbele ya dada yake?

Salumu, mjomba wa mtoto, kaka wa Bi Hadija, alipokuja kutoa damu alijibu hapana. Nami jana yake nilimwona nyuma ya jiko la hospitali, jua la saa saba, kajifunika blanketi anatetemeka. Nikamwambia Dresa.

"Huyo ni mjomba wake, damu ya nyumbani," akasema. "Rudi kwenye ndoo yako."

Nikarudi, na damu ya Salumu ikaingia kwa mtoto. Siku chache baadaye Zaituni akawaka homa, meno yanagongana, nusura tumzike. Walipompima, malaria.

Safari iliyofuata nilisimama mlangoni na ndoo yangu.

"Mjomba, jana ulilalaje?"

"We mfagiaji! Mimi ni damu yake!"

"Mbu aliyekuuma hakuuliza ukoo. Ulilalaje?"

Akatazama chini. "Na homa."

Bwana Mganga alikuwa nyuma yangu. Akamtoa Salumu nje, akaitwa shangazi wa mtoto, naye hakutolewa damu mpaka tone lake lilipoangaliwa kwenye hadubini. Dresa Yohana alininunia mwezi mzima. Nikapumzika na kelele zake.

Tangu hapo nikawa namuuliza kila ndugu, na kila mmoja alikasirika kama nimemtukania mama. Mpaka leo nawasikia: "Ni ndugu yangu, wa nini kupimwa?" Nimechoka nanyi! Vipimo mnavyo, pimeni hata ndugu.

Siku niliyoacha kazi, Salumu alikuja kuniaga, Zaituni nyuma yake, kanipita urefu. Kabla sijafungua mdomo Salumu akasema, "Jana nimelala vizuri, Perusi, usiniulize."

"Na juzi?" nikamuuliza.