Kesho Kuja na Mzazi

Baba yangu alinikojolea mgongoni tulipofika tu Mbarara, na sikuwa na kitenge kingine. Msishtuke. Kwetu Kivu ya Kusini, mtoto akirithi jina la babu yake mzaa mama, mama yake humwita papa, yaani baba, tena kwa heshima zote: papa amelala, papa ameshiba, papa amejamba. Huyu wangu alikuwa na wiki tatu. Babu mwenye jina, baba aliyenizaa, tulimzika Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, miezi mitano kabla mtoto hajazaliwa. Mama yangu alikuwa amelala zamani kwenye makaburi ya kwetu, ng'ambo ya mpaka. Mume wangu alikuwa Kampala akitafuta kazi, na simu yake ilikuwa ikitafuta mtandao.

Nilikuwa nasomea ualimu. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa unaanza Jumatatu, na Ijumaa ile ndiyo siku ya mwisho ya kuchukua kadi ya mtihani. Bila kadi huingii, na mwaka wako wote umekwenda na maji. Nami nilikuwa nimekosa masomo wiki tatu kwa ajili ya kujifungua. Alhamisi askari wa geti, ambaye chuo kilimtumia kutupigia simu sisi tuliosoma Kifaransa kwa kuwa alijua Kiswahili cha jeshini, alinipigia: "Kesho kuja na mzazi. Mzazi hapana, kadi hapana."

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu muzazi ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Muzazi hupelekewa uji, muzazi hachoti maji, muzazi hufungwa tumbo. Nikajisemea, aa, kumbe watu wazuri hawa, wanataka kuona kwa macho yao kama kweli nimezaa! Jirani yetu, mama mmoja wa kanisani, akaniunga mkono: "Enda vile uko muzazi kabisa, basikatale," wasipate cha kukataa. Akanikaza tumbo kwa kitenge hadi nikashindwa kuinama, akanifunga kilemba, akanitilia uji wa mtama kwenye chupa. Nilitoka Nakivale alfajiri nikitembea wima wima, mgonjwa kuliko nilivyokuwa.

Mjini nilikuwa na kazi mbili kwanza: sabuni ya kufulia nepi, na picha ya pasipoti ya kubandika kwenye kadi. Sabuni ilinichukua nusu saa. Mwenye duka hakutaka kuniuzia kabla sijaeleza kwa nini mtoto hana kofia, wateja wakamuunga mkono, na mmoja akambeba mtoto akaenda naye duka la pili kumwonyesha dada yake. Nikamfuata mbio na kitenge changu kibichi, napiga kelele, "Rudisha papa yangu!" Watu wakasimama kutafuta mzee aliyeibiwa.

Kwa mpiga picha, mtoto hakukubali kulazwa kwenye benchi hata sekunde moja. Nikambeba mgongoni, nikaambiwa nisimame hivi, niinue kidevu hivi, hataonekana. Picha ikatoka na vidole vitano vidogo vimeshika sikio langu. Nilimwambia arudie. Akasema, "Mama, wao wanataka sikio lionekane. Si linaonekana?"

Getini askari alikuwa ananisubiri. Alikuwa mwanajeshi wa zamani, maneno machache, rungu refu.

"Mzazi iko wapi?"

"Miye hapa."

"Wewe mwanafunzi. Mimi nataka mzazi."

"Niko muzazi! Wiki tatu tu! Hata tumbo ingali imefungwa, gusa."

Hakugusa. Akamnyooshea mtoto kidole. "Na hii nani?"

"Ni papa yangu."

"Baba yako?"

"Ndiyo."

Akatutazama kwa zamu. Juu ya kichwa chake kulikuwa na kibao: watoto wadogo hawaruhusiwi. Juu ya wazazi kibao hakikusema kitu. Akafungua kitabu cha wageni, akaandika polepole, mgeni mmoja, baba wa mwanafunzi, kitambulisho hana. Akatufungulia geti. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheka au alikuwa amechoka na sisi sote.

Karani wa mitihani, mama wa makamo, alikuwa ameshapigiwa simu kutoka getini kwamba mzazi amefika. Alikuwa ameweka kiti cha pili na kukifuta vumbi. Nilipoingia akachungulia nyuma yangu, akangoja, akachungulia tena. Askari akaitwa atafsiri. Ndipo nikaonyeshwa fomu: mwanafunzi aliyekosa masomo anatia sahihi hapa, na mzazi wake, yaani baba au mama aliyemzaa, anatia sahihi hapa chini. Ofisi inafungwa saa saba.

Nikapandwa na hasira hata aibu ikakimbia. "Muzazi gani munataka? Mama iko mu udongo. Papa iko mu udongo, Nakivale, nyuma ya mihogo yetu. Nimufukule?"

Askari alitafsiri nusu tu. Mtoto akaamka akapiga yowe. Nikakaa kwenye kiti kilichofutwa, nikampa ziwa, nikalia huku ananyonya, na makamasi yananitiririka mbele ya watu wazima wawili. Karani akaisogeza fomu mbele yangu, akasema maneno machache ya Kinyankole, lugha ya huko.

Askari akakohoa. "Anasema wewe nalea mtu, basi wewe mzazi. Weka sahihi."

"Wapi?"

"Yote mbili."

Ya kwanza niliiandika haraka. Ya pili ilianza na maneno yaliyochapwa: mimi, mzazi, naahidi kumsimamia mwanafunzi huyu. Tangu shule ya msingi mstari ule ulikuwa wa baba yangu. Alikuwa akitia sahihi taratibu, ametoa ncha ya ulimi, kisha anapuliza wino ukauke kabla hajanirudishia karatasi. Karibu miezi sita nilikuwa nawaambia watu kwamba amekufa, na mwenyewe nilikuwa sijaamini.

Niliandika jina langu kwenye mstari wake. Nikaupuliza wino. Ndipo nikaamini.