Simba Yangu, Si Simba Wangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kwenda sokoni Kibuye kununua uzi na zipu ni safari ninayoanza kuiwaza siku tatu kabla, na nikirudi nalala mchana kutwa kama niliyetoka ng'ambo. Ndiyo maana nilipoelezwa kwamba kisheria mimi ni mtu wa ng'ambo kweli, nilicheka hadi nikasimamisha cherehani.

Sikucheka muda mrefu. Nilizaliwa Uganda, upande wa pili wa ziwa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, baba seremala, na hawakujaliwa mtoto. Walinichukua kwenye makao ya watoto huko nikiwa na miaka mitatu, mahakama ya kule ikawapa karatasi yenye muhuri kwamba mimi ni mtoto wao. Mama akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo, akaona mambo yamekwisha. Mtoto ni wao, wao ni Wakenya, kuna nini tena? Hakuna aliyemwambia kwamba kuna ombi jingine, la uraia, na kwamba hilo huombwa mtoto angali mtoto.

Nilipomaliza kidato cha nne nilienda kuchukua kitambulisho. Wakataka karatasi ya uraia. Nikarudi nyumbani kuitafuta, na kutafuta huko kukanichukua miaka ishirini. Najua inavyosikika. Lakini fundi wa kushona sare za shule, anayefanya kazi hatua mbili kutoka kitandani mwake, anaweza kuishi muda mrefu sana bila serikali kujua kwamba yupo. Laini ya simu ni ya mama. Kura sijawahi kupiga. Watu nilikuwa nawaambia sipendi foleni.

Aliyeniamsha ni mama. Mwaka jana aliteleza bafuni akaumia mguu. Siku moja nikimpelekea chai kitandani, akaniangalia kama anayesahihisha daftari.

"Nikienda, nani atabaki wa kusema ulitoka wapi na nani alikuchukua?"

"Kwani unaenda wapi, Mwalimu?"

"Usinichezee. Baba yako hayupo. Shahidi ni mimi peke yangu, na mguu ndio huu. Ukipona tunaenda mjini."

Ukapona, tukaenda. Afisa tuliyempata alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akaisoma karatasi ya mahakama, akaniangalia, akaisoma tena.

"Mama, njia hii ni ya mtoto. Huyu ana upara."

"Upara ni wake," mama akasema. "Mtoto ni wangu."

Watu kwenye benchi walicheka, na afisa pia, lakini sheria haikucheka. Akatueleza kwamba labda kuna njia nyingine, ya mtu aliyeishi nchini miaka mingi mfululizo. Niandike maelezo kwa mkono wangu, nieleze nimeishi wapi miaka yote hiyo, mzee wa kijiji atie sahihi. Nilitoka pale nimevimba kifua. Maisha yangu yote nimechekwa kwa kukaa nyumbani, kumbe kukaa ni ushahidi!

Niliandika hivi: "Tangu nikiwa na miaka kumi na sita nimeishi katika simba yangu, ndani ya boma la baba yangu, bila kuhama." Kwetu simba ni nyumba ndogo ambayo kijana hujenga katika boma la baba yake, akae humo mpaka atakapooa na kwenda kufungua boma lake. Yangu ilitakiwa iishe kazi zamani. Mzee wa kijiji alipotia sahihi hakukosa neno.

"Omera, ndugu yangu, miaka ishirini na mitatu? Hiyo simba itaota mvi."

"Inangoja bibi, mzee."

"Bibi atakupata wapi na hutoki?"

Jumatatu tukarudi mjini. Afisa akasoma, akachukua kalamu nyekundu, akakata neno moja na kuandika jingine juu yake.

"Ni simba wangu, si simba yangu. Simba ana uhai," akasema kwa upole, kama mtu aliyekwishakata tamaa na Kiswahili cha Kisumu. Kisha akanyanyua macho. "Na kibali cha kumfuga unacho?"

Mwanamke nyuma yetu akauliza kama huyo simba anakula dagaa wa omena.

"Bwana, hiyo ni nyumba," nikasema.

"Basi andika nyumba. Faili hili litasomwa Nairobi. Watadhani unalala na mnyama."

Kuandika nyumba kungekuwa rahisi, na mimi napenda rahisi. Nilishika kalamu kabisa. Kisha mkono ukakataa. Nyumba hata mpangaji anayo. Mtaa wa Manyatta umejaa watu wenye nyumba, na hakuna anayewaita wana wa mwenye ploti. Simba huonyeshwa mwana. Asubuhi ile baba aliponionyesha mahali pa yangu, karibu na lango, ndugu zake walisimama pembeni wakinong'ona kuhusu mtoto wa kuokota. Baba hakubishana nao. Alitoa futi yake ya useremala, akapima, akapigilia vigingi vinne, akaniambia nishike kamba na niivute ikaze.

"Bwana afisa," nikasema, "Kiswahili nilipata C, na nusu ya hiyo C ilikuwa huruma. Lakini hapa ngeli yangu iko sawa. Nyumba yangu, simba yangu. Naomba urudishe neno langu, na uniachie nafasi niongeze sentensi moja."

Mama alinikanyaga kiatu. Sikujua kama ananizuia au ananisukuma. Niliandika: "Simba ni nyumba ambayo baba humwonyesha mwanawe mahali pa kuijenga, asiye mwana haonyeshwi."

Afisa akasoma taratibu. Akakata "wangu" yake, akarudisha "yangu", akaweka sahihi ndogo pembeni.

"Hii ndiyo ungeanza nayo," akasema.

Akanipa fomu. Mama akatia sahihi sehemu yake kwa mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama wima. Mimi nikajaza yangu mpaka mstari uliouliza uraia wangu wa sasa. Mganda? Huko hawana habari na mimi. Mkenya? Huo ndio ninaouomba.

"Chora mstari tu," afisa akasema. "Wengi huchora mstari."

"Usichore," mama akasema.

Sikuchora. Niliandika: Bado.

"Bado si nchi," afisa akasema.

"Najua."

Akatikisa kichwa, akagonga muhuri wa kupokea, akasema jibu linaweza kuchukua miezi, pengine zaidi, na hawezi kuahidi litakuwa lipi. Nikamuuliza siku gani anakuwepo.

"Kila Jumatatu."

"Basi tutaonana Jumatatu," nikasema, na nimekuwa nikienda.