Mbwa Aliyefundishwa Mara Mbili

Mbwa wa mama alimng'ata jirani, mama mmoja wanayeimba naye kwaya, siku alipokuja kurudisha ungo. Alishaingia uani pale mara nyingi. Safari hii alipiga hodi, akasukuma geti, mbwa akamrukia na kumshika shavu la mguu. Akapelekwa hospitali kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. Mwenyekiti wa mtaa akamwambia mama kwamba mbwa huyo akirudia, atauawa.

Mimi nilikuwa Mikumi, ninakofanya kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wageni. Mama anaishi Kilosa peke yake tangu baba afariki, kwenye nyumba waliyoijenga baada ya kazi za mkonge kwisha. Nilipopigiwa simu sikuelewa. Mbwa yule nilimjua tangu akiwa mdogo, alikuwa akilala juu ya kandambili zangu.

Kazini kwetu kuna mlinzi aliyewahi kulea mbwa wa ulinzi. Nilimweleza.

"Usimpige," akasema. "Ukimpiga anaponguruma, siku nyingine atang'ata bila kunguruma. Wewe tazama kinachotangulia. Mtu akiwa bado mbali, kabla mbwa hajapandwa na hasira, mpe kitu anachokipenda. Akitulia, mpe tena. Mbwa hurudia kile kinachomletea chakula."

Nikaomba ruhusa, nikaenda. Nilinunua dagaa sokoni, nikamfunga mbwa kamba ndefu, tukakaa karibu na ua wa minyaa. Mtu akitokea barabarani, nilimtazama mbwa: masikio yakisimama, mdomo ukifumbwa ghafla, mkia ukikakamaa kama mwiko. Kabla hajaanza kunguruma nilimrushia dagaa, akageuka kula, na mtu akapita zake. Mama alikuwa mlangoni akipepeta mchele, akiuliza maswali kama mwanafunzi.

"Na ukimpa wakati ananguruma?"

"Hapo atajifunza kunguruma, mama."

"Ahaa," akasema, akaendelea kupepeta.

Nilipoondoka, mbwa alikuwa akiwatazama wapita njia na kupiga miayo. Niliporudi baadaye nilimkuta mkali kuliko mwanzo. Nikaanza upya, akatulia, nikaondoka. Niliporudi tena, alikuwa ametoboa gurudumu la baiskeli ya muuza samaki kwa meno.

Hapo nikaanza kushuku watu. Chini ya geti niliona mawe madogo ambayo sikuyakumbuka. Nikasema kuna mtu anamchokoza nikiwa sipo. Niliwashuku watoto wanaotoka shule, nikamshuku muuza samaki mwenyewe, lakini zaidi nilimshuku mzee wa upande wa mto, mfuga mbuzi, kwa sababu sikuwahi kumwona bila fimbo. Nikamfuata kwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa habari ya mbwa."

Kwamba alijua kabla sijasema, hilo nalo nikalihesabu dhidi yake. "Kuna mtu anamharibu mbwa wetu," nikasema, na macho yangu yakaenda kwenye fimbo.

Aliyaona yalikokwenda. Akaiegemeza fimbo ukutani taratibu. "Mimi njia ile nimeiacha. Mbuzi wangu nawazungusha huku nyuma. Lakini kama unamtafuta anayemharibu, usianzie nje ya ua."

Nilichukia. Niliona ni kiburi cha mtu aliyebanwa. Hata hivyo maneno yale nilirudi nayo Mikumi, nikayapika nayo, nikayaoshea vyombo. Likizo yangu iliyofuata sikumpigia mama simu. Nilipanda gari la asubuhi, nikashuka mbali kidogo na nyumbani, nikapita kwenye mahindi ya jirani na kusimama nyuma ya minyaa. Nilijiona mwizi nyumbani kwetu.

Mama alikuwa ameketi mlangoni na bakuli mapajani. Akapita mtu akikokota baiskeli ya mkaa. Mbwa akalivamia geti, manyoya ya mgongo yamesimama, meno yote nje. Mama akasema kwa sauti ileile aliyotumia tulipokuwa wadogo tukimaliza uji: "Vizuri, baba. Vizuri hivyo hivyo." Akamrushia dagaa.

Nikasukuma geti. Mbwa akanigeukia akinguruma, akaipata harufu yangu, akanyamaza. Mama hakushtuka.

"Mama, kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Nimehangaika muda wote huu! Na mwenzako bado anachechemea!"

"Yule nilimwomba radhi. Nilianza kumchochea mbwa kabla hujaja, lakini sikumtaka yeye."

"Ulimtaka nani?"

Aliweka bakuli chini. Akaniambia kwamba wakati wa masika aliugua homa, akalala mchana na mlango umeegeshwa tu. Alipofumbua macho, mwanamume alikuwa amesimama chumbani. Mtu anayemfahamu. Akasema amepiga hodi hakuitikiwa, anatafuta kiberiti. "Kiberiti, chumbani kwangu," mama akasema. "Kisha akaniamkia kwa adabu, akatoka."

"Nani huyo?"

"Nikikutajia utafanya nini? Utarudi Mikumi. Mimi nitabaki naye hapa."

Mchana ule nilimleta fundi, akatia makomeo ya chuma milango yote miwili, na mnyororo getini. Kisha nikamwomba mama tumfundishe mbwa upya, safari hii kwa mapatano: abweke, kubweka ni haki yake, lakini mama akisema "basi" aliache geti, aende miguuni kwake ndipo apewe dagaa. Mama alikataa. Alisema mbwa mpole anafaa nyumba yenye wanaume.

Aliyembadilisha ni yule mwenzake wa kwaya. Alikuja kumwita waende mazoezini, akasimama barabarani, hakukubali hata kushika geti, akamwita kwa mbali kama mtu anayedai. Mama alimtazama mguu kwa muda mrefu. Jioni akaniita: "Nionyeshe hiyo basi yako."

Haikuwa kazi ya haraka. Mara nyingine mbwa alisikia akajifanya hasikii. Yule mama wa kwaya alikubali kutusaidia akiwa nje ya ua, akirusha dagaa mwenyewe juu ya minyaa, kila alipokuja akisogea kidogo. Sasa anaingia, ingawa hukaa karibu na mlango.

Mimi ndiye sijatulia. Nikienda Kilosa, wanaume wa mtaa wananisalimu kwa furaha, nami nawatazama mikono nikijiuliza ni yupi. Mwezi uliopita alikuja mmoja kutujulia hali. Mbwa akabweka, mama akasema "basi," mbwa akarudi akalala miguuni. Mama akamkaribisha mgeni, lakini hakumwambia aketi, na mkono wake haukutoka shingoni mwa mbwa. Mtu yule akauliza habari za mahindi, akaaga.

"Ni yeye?" nikanong'ona.

"Kachote maji," mama akasema, "kabla jua halijawa kali."