Vitunguu vya Mpakani

Juzi daktari alisoma karatasi ya vipimo vyangu vya damu, akatikisa kichwa, akanikataza mayonesi. Nikarudi nyumbani hapa Kisii mjini na hasira zangu, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, nikaitoa ile chupa kwenye friji na kuitupa pipani kwa nguvu mpaka ikapasuka. Ndivyo nilivyo, rafiki yangu, hata saladi naitengeneza kwa vita. Binti yangu akauliza sasa kabichi tutaila na nini. Nikamwambia tutaila kama tulivyoila zamani, kabla mafuta hayajaingia kwenye chupa.

Nikamimina maziwa mala, yale yaliyoganda, kwenye kitambaa safi, nikakining'iniza juu ya sinki maji yachuruzike, kikabaki kitu kizito lakini chepesi mdomoni. Nikaponda kitunguu saumu na chumvi. Nikakatakata dania na vitunguu majani, navyo nikaviponda mpaka vikatoa maji ya kijani, nikachanganya vyote na kukamulia ndimu. Hapo harufu ikanipanda kichwani, nikavuta kiti nikakaa. Binti yangu alidhani ni vitunguu vinaniwasha macho.

Nililelewa upande wa Nyaramba, kwa magokoro, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kigusii. Alikuwa mama yake mama. Mama alinizaa kabla ya kuolewa, akaniacha pale, akaenda kutafuta kazi. Sikukosa chakula wala mapenzi, hilo nisimsingizie mtu. Lakini mtoto wa binti kwa wajomba zake ni mgeni asiye na siku ya kuondoka, na mjomba mkubwa alipenda kunikumbusha. Akikosa jembe lake, akikuta mlango wazi, alisema mtoto asiye na baba apelekwe akatafutiwe baba yake.

Wajomba walikuwa wawili, na shamba lilikuwa moja mpaka baba yao alipokufa. Wakagawana, ndipo balaa lilipoanza. Mkubwa alipanda miti mpakani, mdogo akaing'oa. Mdogo alichimba mtaro, mkubwa akaufukia. Asubuhi moja mbwa wa mjomba mdogo alikutwa amepasuliwa kichwa kwa jembe, kosa lake lilikuwa kulala upande usio wake. Wazee wa ukoo walikuja, wakapima kwa kamba, wakanywa chai na kwenda zao. Kila walipoondoka, mapanga yalinolewa upya, na ile sauti ya chuma juu ya jiwe ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kabla ya jogoo.

Magokoro akachoka. Akachukua vitunguu majani vyake vyote na mbegu za dania, akavipanda juu ya mpaka wenyewe, kuanzia njiani hadi kwenye majani chai kule bondeni. Akawaita wake wa wanawe wote wawili, akawaambia kila mmoja achume hapo. "Mpaka unaoliwa na wote hausogei," alisema. Na kweli, kwa misimu kadhaa hakuna aliyeinua panga ila kwa kukata ndizi.

Sisi ni Wasabato. Kazi ya moto na visu iliisha Ijumaa kabla jua halijatua, na Jumamosi hata kisu cha mboga kilipumzika. Kwa hiyo Ijumaa kwetu ilikuwa siku ya mbio. Magokoro aliengua mafuta ya juu ya maziwa akayaweka kwa ajili ya chinsaga, ile mboga chungu isiyoshuka bila mafuta. Maziwa mepesi yaliyobaki, yakishaganda, aliyachuja kwenye kitambaa, akayachanganya na majani aliyoyaponda kwa jiwe kana kwamba yamemkosea. Siku ya pili, baada ya kanisa, mchuzi ule mweupe ulimwagwa baridi juu ya kabichi na parachichi, katika bakuli moja kubwa. Wajomba wote wawili walikula kwenye bakuli lile. Ndicho kitu pekee walichokula pamoja, na magokoro hakuondoka pale mpaka wamalize.

Sasa sikiliza nilivyoyaharibu hayo yote.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa kilimo mwenye kamba, vigingi viwili na kiboko. Mstari wako wa sukuma wiki ukipinda, ulilazwa kifudifudi juu ya tuta lenyewe. Ijumaa moja wangu ulipinda. Nilichapwa mpaka nikameza udongo, na nilipofika nyumbani sikuweza kukaa. Magokoro aliniona ninavyotembea akafyonza, kisha akanituma vitunguu vya mchuzi.

Nilipofika mpakani nikautazama ule mstari, nikaona nao umepinda. Katikati uliingia ndani ya shamba la mjomba mkubwa, ukazunguka jiwe fulani, ukarudi. Nilikuwa na miaka tisa, makalio yananiwaka moto. Nikaona aibu ile ni ya nyumba yetu. Nikachukua kamba ya mbuzi, nikaivuta huku na huku, nikang'oa mashina yote yaliyotoka nje ya mstari na kuyapanda upya, yamenyooka kabisa. Nikarudi jikoni na vitunguu vyangu mkononi, nikisubiri sifa.

Sikujua kwamba chini ya lile jiwe alilala mtoto wa kwanza wa mjomba mdogo, kichanga kilichokufa kabla sijazaliwa. Hakikuwekewa msalaba. Wazee ndio walioupindisha mpaka, ili baba abaki na mwanawe. Mimi nilikuwa nimemkabidhi mjomba mkubwa kaburi lile.

Asubuhi ya Sabato mjomba mdogo alitoka na shati lake jeupe la kanisani, akapita mpakani, akasimama. Kisha akarudi ndani mbio na kutoka na panga. Alimwita kaka yake kwa jina la utotoni, na kaka mtu akatoka akitafuna, kiatu kimoja mguuni.

"Hata mtoto wangu aliyekufa unamtaka?"

Mjomba mkubwa hakuelewa anaambiwa nini. Alichoelewa ni panga, naye lake halikuwa mbali. Walikatana, rafiki yangu. Nasikia watu wakisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wale wangekukuta umemaliza kulima wao bado wanakatana. Sikio la mkubwa lilipasuka likaning'inia shavuni. Shati jeupe lilifunguka mgongoni, na nyama ikafunguka pamoja nalo. Walikanyaga vitunguu vyangu vilivyonyooka, na harufu ikajaa uwanja mzima, ya vitunguu na damu.

Nilisimama mlangoni pa jiko. Maneno matatu yangetosha: ni mimi niliyepanda. Niliyahisi ulimini. Lakini nilimwona mjomba mkubwa na lile jicho lake, nikajiona njiani na kifurushi changu cha nguo, nikafunga mdomo. Nilifunga mdomo nikiona watu wanakufa.

Magokoro alinipita kwa kishindo, mikono yake myeupe kwa maziwa. Hakupiga kelele. Aliingia katikati yao panga la mkubwa likiwa linashuka, akalidaka kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vilianguka kwenye vitunguu.

"Ni mimi," akasema. "Nilivihamisha mimi jana. Haya, nimalizeni."

Mapanga yakaanguka. Mjomba mdogo akavua shati lake, au kilichobaki cha shati, akaufunga mkono wa mama yake huku akilia kama mtoto na kumlaani papo hapo. Jirani mwenye pikapu akawabeba wote watatu hadi hospitalini, wamekaa juu ya magunia, kila mmoja anachuruzika. Mimi niliachiwa bakuli. Nilifunika kabichi kwa sahani, kwa sababu nzi walikuwa wengi, na sikujua la kufanya lingine.

Hawakula pamoja tena. Mjomba mdogo hakuongea na magokoro kwa miaka mingi, akiamini kwamba mama yake mzazi alimpokonya kaburi la mwanawe ampe kaka yake. Naye magokoro aliendelea kuponda majani kila Ijumaa kwa vidole vitatu, jiwe likimteleza, anatukana kidogo, anaanza upya. Nami nilikula mchuzi ule. Ulikuwa mtamu vilevile, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilikiri nikiwa mtu mzima, siku niliyompelekea huyu binti yangu amwone. Nililia mpaka mtoto naye akalia. Magokoro alicheka.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Nani mwingine pale angenyoosha mstari namna ile, kama si mtu aliyetoka kupigwa? Mkono wangu ulikuwa umeshafanya kazi zake. Wewe ungeenda wapi?"

Nikamwambia nitaenda kumweleza mjomba mdogo. Akanikataza. Alisema hasira ya mtu kwa mama yake haishiki panga, ibaki hapohapo ilipo. Nilitii haraka mno. Tulipomzika magokoro, mjomba mdogo alisimama mbali na kaburi, mikono mfukoni, nami nikamtazama tu. Ni mwoga mimi, kwa kelele zangu zote.

Siku hizi pale mpakani pana ukuta wa mawe uliopandwa vipande vya chupa juu. Vitunguu havipo. Walimu wamenyang'anywa viboko, afadhali. Wake wa pande zile mbili hununua dania sokoni, na watoto wao hawajuani kwa majina.

Binti yangu aliuonja mchuzi, akasema ni mzuri kuliko wa chupa. Kisha akanivuta hadi roshani kunionyesha kazi yake ya asubuhi. Ninapanda vitunguu majani huko kwenye makopo, naye, kwa kupenda unadhifu, alikuwa ameyapanga yote kwa mstari mmoja ulionyooka. Nilitaka kufoka. Badala yake nilichuchumaa, nikayasogeza moja baada ya jingine mpaka mstari ukapinda, na pale katikati nikaacha nafasi ya jiwe.