Sifuri za Nyololo

Ukitaka kumchokoza Hanifa Shamsudin, mwambie kazi yake ni kukaa kwenye kompyuta. Atakuangalia kama umemtukania mama. Kukaa wanakaa wengi, atakwambia, yeye anauliza. Na hapo hatakuwa amekudanganya. Kwenye kiwanda cha maziwa kule Uyole, barabara kuu inapoanza kuiaga Mbeya, wapo wa kupima maziwa, wapo wa kuchemsha, wapo wa kufungasha na wa kuendesha malori ya tangi, na yupo Hanifa, ambaye kutwa nzima anaiuliza programu ya ripoti maswali. Nani kaleta lita ngapi? Kituo gani kimeshuka? Maziwa ya wapi yanaharibika njiani? Maswali hayo yana namna yake ya kuandikwa: unachagua unachokitaka, unataja jedwali la kukitoa, unaweka masharti, unapanga majibu. Ukikosea sharti moja, kompyuta haikuulizi ulikuwa na maana gani. Inakujibu tu, tena kwa kujiamini.

"Kuuliza si ujinga," mama yake, Bibie, huwaambia majirani wa Mlandege kule Iringa, "lakini huyu wangu mimi analipwa mshahara kwa kuuliza. Nyie mmeshaona wapi?"

Majirani hawajaona popote, na Bibie anajua, ndiyo maana haachi kuuliza.

Hanifa alikuwa mwepesi wa kila kitu: kucheka, kutembea, kujibu. Tangawizi yake kwenye chai ilikuwa kali hata mlinzi wa getini aliisikia. Na alikuwa kijumbe. Kila kiwanda, kila shule, kila soko la nchi hii lina mchezo wake, na mchezo wa ofisi ya Uyole ulikuwa mikononi mwa Hanifa: mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, mmoja anapokea chote, mwezi ujao zamu ya mwenzake. Yeye ndiye aliyepanga zamu na kuwakimbiza wazito. Waliompa kazi hiyo hawakuangalia hesabu zake. Walijua tu kwamba mtu wa mwisho kwenye zamu akimtazama Hanifa usoni, analala usingizi.

Basi siku moja akaja meneja wa ununuzi, Fanueli, Mkinga mmoja mpole anayependa rangi kuliko mwalimu wa chekechea. Ripoti isiyo na kijani na nyekundu kwake si ripoti.

"Hanifa, mdogo wangu," alisema, "nina hakika tuna walanguzi wamejificha humu. Wananunua maziwa kwa watu, wanatuletea kwa majina yao, wanajiita wafugaji. Niulizie."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Chai haikuwahi kupoa. Hanifa aliandika: nipe majina ya wafugaji wote ambao lita zao za siku zinazidi uwezo wa ng'ombe waliowasajili, panga kuanzia mkubwa. Akabonyeza. Vituo vyote vilitulia kijani, isipokuwa Nyololo, kule Mufindi. Pale palikuwa na wanawake kumi, kila mmoja na ng'ombe wake mmoja, wenye mwenendo wa ajabu. Mtu yuko kimya miezi, sifuri, sifuri, sifuri, halafu ghafla anamwaga lita sitini kwa siku wiki mbili nzima, kisha anarudi kwenye sifuri zake. Ng'ombe gani huyo?

Fanueli alipiga makofi. Siku hiyohiyo, Jumatano, onyo likatumwa kituoni: yeyote katika hawa kumi atakayeleta tena maziwa kuliko ng'ombe wake, atafutwa kwenye orodha, moja kwa moja. Hanifa alisifiwa mbele ya watu, akajifanya haya, akafurahi sana.

Jumamosi alikuwa anakwenda nyumbani Iringa, na dereva wa lori la tangi akampa lifti hadi Nyololo. Walifika ukungu haujainuka. Ilikuwa baridi ile ya Mufindi ambayo mtu anaongea na mikono ikiwa kwapani. Pale kituoni alikuwepo Devota, mpokeaji wa maziwa, ambaye Hanifa alimjua kwa sauti ya simu tu. Walikumbatiana kama ndugu.

"Kamwene, dada wa kompyuta!"

"Kamwene, Devota. Kumbe u mfupi hivi!"

Wakacheka. Lakini pembeni, ameegemea ukuta, alikuwepo mama mmoja wa makamo ambaye hakucheka. Kikoti cha sufu, kitenge kiunoni, na kidumu kidogo cha maziwa miguuni. Devota alipunguza sauti.

"Huyo ni mama Esta. Tangu juzi anakuja, anakaa tu pale. Kompyuta ya kwenu imewaita walanguzi, yeye na wenzake."

Hanifa alimsogelea, akainama kidogo kumwamkia, kisha akauliza kilichokuwa kinamtatiza: mama, ng'ombe mmoja, lita sitini zinatoka wapi?

Esta alimshangaa. "Zitatoka wapi, mwanangu? Kwa wenzangu. Tupo kumi. Wiki mbili wote tunaandikisha kwa Frida, Frida analipwa chote, anaezeka nyumba. Wiki mbili nyingine kwa Apolonia, anasomesha. Tunazunguka hivyo. Lita sita za mtu mmoja zinanunua chumvi na sabuni, zinaisha. Ni mchezo. Kwani nyie huko Mbeya hamchezi?"

Nyani haoni kundule. Kijumbe mzima, msimamizi wa mchezo wa ofisi, alikuwa ameutazama mchezo kwenye kioo cha kompyuta akaona wezi. Masikio yalimwaka moto chini ya ushungi.

"Na zamu sasa hivi ni ya nani?" aliuliza, ingawa alishaanza kujua.

"Yangu. Mimi ndiye wa kumi." Esta alikiangalia kile kidumu. "Nimewachangia wote tisa. Jumatatu iliyopita ndiyo nimeanza kupokea, nikasema ah, Mungu ni mwema. Kuna mtamba nimemwona kwa mzee Aroni, ana mimba, nimeshamwambia asimuuze. Alhamisi likaja hilo onyo. Sasa kila mtu anaandikisha ya kwake, wanaogopa kufutwa. Siwalaumu. Na mimi ningeogopa."

"Kompyuta haikusema kitu, mama," Hanifa alisema. Ilibidi aseme haraka kabla hajajionea huruma. "Nimesema mimi. Mimi ndiye niliyeuliza. Niliuliza vibaya."

Devota akaacha kusuuza ndoo. Esta alimtazama binti huyu kuanzia viatu hadi ushungi, taratibu, na ilionekana kama atatukana. Hakutukana.

"Basi si uiulize tena," alisema.

Hanifa akafungua kompyuta yake juu ya pipa, Devota akamtajia majina kumi, wakaunganisha mtandao kutoka simu ya dereva aliyekuwa anasubiri tangi lijae. Safari hii aliandika hivi: usinipe mmojammoja. Hawa kumi wajumlishe pamoja, siku kwa siku, tangu mwanzo wa mwaka, na uniwekee pembeni uwezo wa ng'ombe wao kumi. Akabonyeza.

Ule mstari uliokuwa unaruka kama mbuzi ulikuja umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Maziwa ya ng'ombe kumi, kila siku, wala tone la mlanguzi. Mmoja alipopanda, tisa walishuka. Hakuna siku walipopanda wawili. Jibu lilikuwemo mlemle siku zote. Hanifa aliona aibu, na ndani ya aibu akaona pia jinsi jambo lenyewe lilivyopendeza, akatamani kumwonyesha kila mtu.

Alianza na Fanueli, kwa simu. Fanueli alisikiliza, akakohoa.

"Sasa Hanifa, mbona ripoti imetulia? Nimeiangalia ya jana. Nyololo yote kijani. Kila mtu na lita zake sita. Si ndicho tulichotaka?"

"Bosi, hicho kijani ni mtamba wa mama Esta."

"Ni nini?"

Akamweleza. Fanueli akasema sheria ni sheria, mfugaji alete maziwa ya ng'ombe wake. Akasema tukiwaruhusu hawa, kesho kila mlanguzi atasema yuko kwenye mchezo. Hoja haikuwa mbaya, na Hanifa akaikubali: basi mchezo usajiliwe, Devota aingize majina ya kikundi, na programu ikipime kikundi kwa ng'ombe wa kikundi. Mlanguzi atajionyesha mwenyewe, maana yeye hana wenzake wa kushuka akipanda. Fanueli bado alikuwa anaguna.

"Bosi, mwezi uliopita ulipokea mchezo wetu ukanunua pikipiki."

"Ndiyo."

"Ningeuliza programu ya benki kama nilivyowaulizia hawa, ungekuwa jela."

Kwenye simu kikaja kicheko, cha mtu aliyekamatwa. "Haya, kijumbe," alisema Fanueli. "Futa onyo. Niandikie, nitasaini."

Hapo mtu angedhani mambo yameisha, na Hanifa alidhani hivyo. Devota ndiye aliyemrudisha chini. Kufuta onyo ni rahisi, alisema. Hofu ndiyo haifutiki. Wale tisa wameshaitwa wezi na mashine wasiyoijua. Nani atathubutu kuandikisha maziwa yake kwa jina la Esta?

Kwa hiyo Jumapili mchana, akitoka kwa mama yake Mlandege, Hanifa alishuka tena Nyololo. Wanawake walikuwa wametoka kanisani, wamejipanga kwenye benchi la kituo na vitenge vyao vya ibada, Esta ukingoni kabisa kama mgeni. Hanifa aliwaeleza yote. Aliomba radhi bila kuzunguka. Aliwaonyesha ule mstari ulionyooka, wakausogelea, wakaunyooshea vidole: hapa ndipo ng'ombe wa Frida alipougua, ona ulivyoshuka kidogo.

Kisha Apolonia, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, akauliza: "Wewe tumekuelewa, mwanangu. Lakini ukiolewa huko ukaacha kazi, akaja mwingine akauliza vibaya tena?"

"Hili nimeliandika kwenye programu, atakayekuja atalikuta," Hanifa alisema. "Lakini kuahidi kwamba atalisoma, siwezi."

Wanawake wakainuka, wakajifunga vitenge, wakaagana naye vizuri, kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyesema atafanya nini. Esta alimsindikiza hadi barabarani. Hakuzungumzia mtamba. Aliuliza kama Uyole viazi vimepanda bei.

Usiku ule Hanifa hakulala vizuri. Jumatatu alifika ofisini kabla ya mfagizi, akakaa mbele ya ripoti isiyokuwa na kitu, maana maziwa ya asubuhi huonekana saa nne. Chai ilikuja ikapoa. Watu walimsalimia akaitikia asichokisikia. Ilipofika saa nne alifungua Nyololo, akasoma kwa majina, polepole, kidole kwenye kioo.

Frida, sifuri. Apolonia, sifuri. Aliyefuata sifuri, na aliyefuata, na aliyefuata. Alishuka hivyo, jina kwa jina, hadi amewamaliza wote tisa. Chini yao palikuwa na Esta, na maziwa ya asubuhi ya ng'ombe kumi.

Hanifa aliziba mdomo kwa ncha ya ushungi. Machozi yalikuwa yanamtoka na kicheko pamoja. Fanueli alipita na kikombe chake, akachungulia begani kwake, akakunja uso.

"Mbona Nyololo leo sifuri nyingi hivyo? Hawakuja?"

"Wamekuja, bosi," Hanifa alisema. "Wamekuja wote."