Mpiga Solo wa Nyuma ya Pazia

Fundi anayeshona jezi za ligi ya wanawake ni mama wa mwili na mdomo, na wachezaji wanamwogopa kuliko refa. Ukimpelekea kitambaa hafifu atakuuliza unavalisha timu au unachuja nazi. Kwa mdomo huo viongozi wa ligi wakamtia kwenye kamati ya nidhamu, wakisema wanataka mtu asiyemumunya maneno. Hawakujua kuna habari moja ameimumunya tangu usichana wake.

Zamani hizo alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi. Tena alipiga hasa. Kidole gumba kilishughulika na nyuzi nene, vingine vikaziliza nyembamba, ungedhani magitaa mawili yanagombana. Mtindo huo bendi nyingi zikauiga, bila kujua zinamwiga nani. Mwenye ukumbi alisema mwanamke mwenye gitaa atamfukuzia wateja, basi Fundi akawekewa stuli nyuma ya pazia. Mbele akasimamishwa kijana mmoja, suti imenyooka, gitaa halijachomekwa popote. Wakamwita Mtanashati. Fundi anapiga, Mtanashati anachezesha vidole na kufumba macho kwa utamu, ukumbi unamshangilia yeye.

Mtanashati akawa jina kubwa. Fundi akaolewa, akakaa kwenye cherehani, hata mumewe hakumwambia. Si hasira iliyomnyamazisha. Ni aibu. Hakuna aliyemfunga kamba kwenye ile stuli; aliambiwa akae, akakaa, na wiki iliyofuata akarudi mwenyewe.

Sasa kamati ikakutana kwenye stoo ya uwanja, kati ya nyavu na mipira iliyoishiwa upepo. Aliyeitwa ni kipa, binti mwembamba. Dada yake, ndiye kipa aliyesajiliwa, aliteguka mguu, na yeye, leseni yake ikiwa bado haijatoka siku ile, akadaka mechi nzima kwa leseni ya dada.

"Kosa unalikubali?" Mwenyekiti akauliza.

"Nalikubali, baba. Ila kocha ndiye aliyenipa leseni, akaniambia vaa uingie."

"Kocha hatujamwita. Tumekuita wewe. Subiri nje."

Akipita mlangoni binti akainama kwa Fundi. "Mama, nisemee."

"Nikusemee nini? Nenda nje."

Mwenyekiti akataka mikono ya wanaokubali kipa afungiwe msimu mzima. Mkono wa Fundi ulitangulia yote. Alitaka yaishe. Kile kichwa kilichoinama alikuwa akikifahamu mno, na hakutaka kukitazama tena.

Katibu alikuwa ameshashika kitasa ili amwite binti asomewe uamuzi, Fundi akasema, "Ngoja. Mkono wangu naushusha."

"Dada yangu, umeshahesabiwa," Mwenyekiti akasema.

"Nihesabu upya. Aliyevaa jezi tunamfungia, aliyemvalisha hata kuulizwa bado. Kanuni inataka kila anayetajwa asikilizwe. Na kocha ni shemeji yako, kwa hiyo katika hili wewe ungekaa pembeni."

"Leo fundi cherehani amekuwa wakili," Katibu akasema, wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. "Mkono wa kwanza ulikuwa wako. Kimekugeuza nini?"

Angeweza kudanganya, kichwa kilimuuma, miwani imesahaulika. Badala yake akawaambia habari ya stuli na pazia, macho kwenye nyavu, sauti ndogo ambayo stoo ile haikuwahi kuisikia kwake.

"Yule Mtanashati?" Mwenyekiti akasema. "Mimi nilikuwa nasimama mbele kabisa. Vidole vyake nimeviona kwa macho haya."

"Uliviona. Ulivyovisikia ni vyangu."

"Basi ndiyo maana jezi zako zina mdundo," mjumbe mmoja akasema, na safari hii kicheko kilikawia kwisha. Hakuna aliyemwamini. Uso ulimwaka kama pasi.

Lakini neno la shemeji lilishatamkwa, na Katibu hakutaka rufaa imkute na kosa la wazi namna ile. Mwenyekiti akasogeza kiti pembeni, shingo upande. Wakaamua kocha aitwe kwanza, na hadi hapo binti aruhusiwe kucheza kwa leseni yake mwenyewe.

Nje binti akamshika Fundi mikono yote miwili. "Nilijua tu utanisemea, mama. Wengine wote walitaka kunimaliza."

Fundi angeweza kuipokea ile shukrani akaenda nayo nyumbani. Nani angemwambia mtoto? Kwa mara ya pili maishani mwake makofi yalikuwa yakienda kwa asiyestahili, na safari hii anayepigiwa ni yeye.

"Usinishukuru. Mkono wa kwanza wa kukufungia ulikuwa wangu."

Binti akamwachia mikono taratibu. "Haya, mama," akasema, akaenda zake uwanjani bila kugeuka. Fundi akabaki pale mlangoni, hajui mikono yake aiweke wapi.