Biblia ya Mama katika Begi la Hamisi

Safari hii ilianza kwa simu ya dada yetu Neema. Neema ni muuguzi Ulaya, katika mji mmoja wenye baridi ya kukata masikio, na siku hiyo alipiga kutuambia kwamba binti yake, Lusungu, anaolewa. Baba wa binti alifariki zamani. Kwetu binti hatolewi hivihivi. Lazima mkubwa wa ukoo asimame mbele ya watu aseme neno. Upande wa baba walishakubali kwamba asimame mjomba, na mjomba mkubwa ni kaka yetu Hamisi. Lusungu mwenyewe alisema waziwazi kwamba mjomba asipofika, yeye haingii kanisani. Mimi, Amosi, muuza mahindi wa Tunduma, nilipewa kazi ya kumsindikiza kaka na kuwa mkalimani wake, maana Kiingereza changu kimenolewa na wateja wa Zambia. Yeye chake kinaishia kwenye matairi na vipuri.

Kabla hatujafika mbali, niwajulishe jambo moja. Sisi ni wa Isansa, Mbozi, nyumba ya kahawa na nyimbo za kanisani. Kaka alibatizwa Hezroni. Alipohamia Tunduma kuuza vipuri vya malori alikutana na Mwanaidi, akapenda, akasilimu, akaitwa Hamisi. Mama hakugomba wala hakulia. Alichofanya ni kuendelea kumwita Hezroni miaka yote hii kana kwamba hakusikia habari yoyote, na kaka huitika "Naam, Mama" bila kinyongo. Mke anaita Hamisi, Mama anaita Hezroni, na chai inanywewa.

Isansa, asubuhi ya kuondoka, Mama alitupanga uani na mizigo yetu. Mimi alinipa unga wa ulezi aliouzungushia kitambaa cheupe na kuufunga fundo, pamoja na kahawa ya kukaanga. Kisha akatoka ndani na Biblia yake, ile ya jalada jeusi aliyoolewa nayo, ameifunika kwa kitenge.

"Hii ni ya mjukuu wangu. Hezroni, ubebe wewe."

"Mama," nikasema, "mtu wa kanisani hapa ni mimi."

"Wewe ulipoteza jembe ukiwa shambani unalima nalo. Hezroni, weka begini."

Hezroni, yaani Hamisi, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya kanzu yake mpya ya harusi na mkeka wake wa kuswalia, akafunga zipu. Mimi nikabeba unga wangu kimyakimya.

Uwanja wa ndege wa Songwe ulitupokea vizuri. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mwenye bashasha. Alipoona furushi langu jeupe akalinusa kupitia kitambaa na kucheka. "Ulezi wa Mbozi huu! Mnakwenda kumpa nani uji?" Nikamwambia tunakwenda harusini. Akamwangalia kaka, kofia yake iliyodariziwa na ndevu zake zilizoanza kupata mvi, akasema, "Shikamoo mzee, mfike salama." Tukaona kumbe kusafiri kwa ndege ni jambo dogo tu.

Dar es Salaam tulipanda ndege kubwa jioni. Nilikaa dirishani kwa sababu niliwahi, na kaka hakunisamehe mpaka chakula kilipoletwa. Ndege ilipoanza kukimbia yeye alisoma dua yake ya safari na mimi nikasali yangu. Nikamwambia ndege moja yenye dua mbili haianguki. Akacheka huku ameushika mkono wangu kwa nguvu ya mtu anayefungua nati.

Asubuhi tulishuka mahali pa kubadilisha ndege, uwanja mkubwa kuliko mji wetu wa Vwawa, wenye ngazi zinazotembea zenyewe. Hapo palikuwa na ukaguzi mwingine. Niseme kweli, sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mtu wa Tunduma hatishwi na ukaguzi. Tumekulia mpakani, tumeona malori yakipekuliwa mpaka chini ya kiti cha dereva, na akina mama wakipimiwa kilo za sukari walizobeba. Nikatangulia. Furushi langu jeupe, lisilo na jina wala maandishi, likapita kwenye mashine. Kijana mkaguzi akauliza ni nini. "Unga wa uji," nikamwambia. "Safi sana," akasema, akanipungia mkono nipite.

Nyuma yangu akaja kaka. Mashine haikulia. Hakuwa na unga, hakuwa na kahawa, hata mkanda alikuwa ameshavua. Lakini yule kijana alimtazama kofia, akamtazama ndevu, akatazama jina kwenye pasipoti, na uso wake ukafungwa. Akamwita mwenzake, mwanamke mmoja mwenye cheo. Kaka akapelekwa kwenye meza ya pembeni. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakarudi nyuma kidogo, kama watu waliomwona nyoka.

Niligeuka nikaenda pale mezani.

"Unamjua huyu?" yule mwanamke aliniuliza.

"Ni kaka yangu. Tumbo moja."

Akazilinganisha pasipoti zetu. Hamisi Simbeye, Amosi Simbeye. Alitutazama kama vile tumeibiana jina.

Maswali yakaanza, nami nikatafsiri. Anakwenda wapi? Harusini. Anaswali msikiti gani? Wa Tunduma. Nani anausimamia? Kaka akanigeukia, akauliza kwa Kiswahili kama wanataka kuuchangia saruji. Hilo sikulitafsiri. Wakamvua viatu, wakampapasa, wakamvua kofia na kuigeuza ndani nje, naye akasimama kichwa wazi mbele ya watu wale wote. Ana miaka ya kuitwa babu. Niliona aibu ambayo haikuwa yangu wala yake. Saa ya ndege yetu ya pili ilikuwa inakaribia.

Ndipo wakafungua begi. Ukatoka mkeka, wakaunusa. Ikatoka kanzu. Kisha kitenge cha Mama, na yule mwanamke alipokifunua akakutana na Biblia. Ni ya Kiswahili, lakini msalaba wa dhahabu kwenye jalada haukuhitaji mkalimani.

Uso wake ulilegea palepale. Akacheka kidogo, akamgusa kaka begani. "Kumbe ninyi ni Wakristo! Mngesema mapema. Samahani sana, mzee." Na akaanza kurudisha vitu begini, tena kwa kukunja vizuri.

Ndege tunaipata, nikawaza; bado kuitikia kwa kichwa tu, kaka, itikia twende. Hamisi alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwambie hiyo ni ya mama yangu. Mimi ni Mwislamu."

Nilimtazama, naye akanitazama. Nikatafsiri. Sijawahi kutafsiri sentensi fupi kiasi kile kwa shingo upande namna ile.

Mkono wa yule mwanamke ukasimama juu ya zipu. Vitu vyote vikatoka tena. Safari hii hata Biblia wakaipekua ukurasa kwa ukurasa, wakaipitisha kwenye mashine peke yake, wakaipekua tena. Hawakupata kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu. Walipotuachia, ndege yetu ilikuwa imekwenda.

Tulipewa nafasi kwenye ndege ya baadaye, ambayo ingetufikisha siku yenyewe ya harusi, tena saa ikiwa imeshapita. Nilimpigia Neema; akalia, kisha akasema atazungumza na mchungaji. Tukakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimefura kama andazi.

"Kaka, si ungenyamaza tu? Hukuambiwa useme uongo. Ungenyamaza."

"Nguo ya kuazima haisitiri, mdogo wangu."

"Sasa Lusungu je?"

Akawa anaifunga Biblia upya katika kitenge, polepole. "Mimi naenda kusema neno kwa ajili yake. Nikijikana hapa mlangoni, huko ndani neno langu litakuwa neno la nani?"

Akaniambia niangalie begi, tena nisilipoteze, akatandika mkeka pembeni akaswali. Watu walipita wakimkodolea macho. Mimi nilisimama kati yake na wao, nimevimba kifua, nikiwa na furushi la unga mkononi, na niliwakodolea na wao mpaka wakatazama kwingine.

Tulifika kwa Neema tukiwa tumekunjamana kama noti za sokoni. Lusungu alikuwa bado sebuleni, amevaa gauni lake jeupe, ameketi kwenye kiti cha jikoni. Alikuwa amekataa kutoka. Bwana harusi, kijana mrefu wa hukohuko, alikuwa kanisani akisubiri pamoja na mchungaji, na wageni walikuwa wameshaimba nyimbo zote walizozijua.

"Mjomba, mlichelewa wapi?"

"Njiani, mwanangu," Hamisi akasema. "Kuna watu walitaka kunifahamu vizuri."

Kanisani alisimama na kanzu yake ambayo haikupata pasi, na kofia yake kichwani. Mchungaji hakuona shida. Kaka akasema kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani, akarudia kwa Kiswahili, nami nikafikisha kwa wageni: "Huyu ni wetu. Hatumtoi kwa kumchoka, tunamtoa kwa kumpenda. Na siku mtakapomchoka ninyi, msimfukuze, tuiteni." Kisha akampa Lusungu Biblia ya bibi yake, kwa mikono miwili kama alivyoipokea. Neema akapiga vigelegele peke yake, na wageni walipoona vinaruhusiwa wakajaribu na wao.

Wakati wa kurudi tulipita uwanja uleule. Kaka akaitwa tena pembeni. Safari hii nilibeba begi langu nikaliweka kwenye meza ileile, karibu na la kwake. "Na mimi nikagueni," nikasema. Mkaguzi, mwingine kabisa, akanisukumia begi langu kwa upole. "Hakuna haja, wewe endelea." Nikasisitiza. Akasisitiza. Nilikataliwa kukaguliwa! Nimeishi Tunduma maisha yangu yote na sijapata kuona mtu akiomba kupekuliwa akanyimwa. Basi nikavuta kiti nikakaa hapohapo mpaka walipomaliza na kaka yangu.

Nilichojifunza nilikiwaza angani, nikiwa nimemwachia yeye dirisha. Kwetu mpakani wanakagua mzigo. Wanaweza kukuchelewesha, wanaweza kukuudhi, lakini wanachotafuta kimo kwenye gunia, na gunia likiwa safi unakwenda zako. Kule mzigo ulikuwa safi tangu mwanzo. Walichokuwa wakikipekua ni kaka yangu mwenyewe, na hakuna mahali alipoweza kujishusha kama gunia ili apite.

Isansa tulifika jioni. Mama alikuwa uani anachambua maharage. "Biblia ilifika?" ndilo swali lake la kwanza. Kaka akasema ilifika, akaenda kunawa mikono nyuma ya nyumba. Nikabaki mimi, na mimi sijui kukaa na habari tumboni. Nikamweleza Mama yote, mkeka, kofia, zipu, hata ndege iliyotuacha.

Aliacha kuchambua. "Walipodhani ni wetu, walitaka kumwachia?"

"Ndiyo, Mama."

"Naye akasema?"

"Akasema ni Mwislamu."

Mama akatoa mkono ndani ya maharage. Kisha akajifuta na kanga, akainuka, akaingia jikoni. Nilisikia sahani zikigongana. Akatoka mlangoni, akaita kwa sauti yake ileile ya kutuita kutoka shambani.

"Hamisi! Njoo ule."

Nyuma ya nyumba maji yaliendelea kumwagika. Kaka hakuitika, hakuwa amezoea kulisikia jina hilo kwa sauti ile. Mama akalazimika kuita tena.